Utepe Hauna Lebo

Jumatatu, 3 Machi

Huyu mpwa wangu ana jambo. Naandika mapema, nisije nikaambiwa sikuona.

Binti wa dada yangu. Kaja kwetu wiki jana na begi moja na laptopu, eti anamalizia andiko lake la chuo, kwao kuna kelele. Nikasema karibu, mjomba yupo. Basi leo katokea dukani bila taarifa. Kakaa kwenye stuli karibu na mlango, kimya, anachora. Nikajifanya nafuta vumbi, nikapita nyuma yake. Anachora nini? Bomba langu!

Duka letu la dobi lina bomba moja tu la chuma, la kutundikia nguo. Linaanzia mlangoni, linakwenda hadi chumba cha pasi. Marehemu kaka yangu alishika ngazi, mimi nikalifunga kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe cha chai, na chai haikumwagika. Nguo ikiingia inapewa namba, inabanwa lebo ya karatasi kwa pini, inatundikwa kwa henga yake kwa mfuatano ilivyofika. Mteja anaondoka na kipande chenye namba ileile. Akirudi, natembea na bomba mpaka nguo yake. Ikitoka, henga tupu naiacha palepale ili mfuatano usivurugike. Nimefanya hivyo tangu nilipokuwa na nywele.

Nikamuuliza, mwanangu, bomba lina uzuri gani mpaka lichorwe? Akacheka.

"Mjomba, wewe ndiye mashine ya utepe. Kabisa!"

Mashine. Mimi! Nikacheka na mimi. Lakini jicho moja nimeliacha wazi.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu anasema nashuku hata kivuli changu. "Mtoto wa watu anasoma, wewe unaona mpelelezi." Nikamjibu kwamba jicho hilihili ndilo lililoniweka mjini. Nilipiga pasi suruali ya jenerali akiwa ameivaa, amesimama, anazungumza na simu, na hakuhisi joto! Mtu wa namna hiyo anashindwa kumwona mpelelezi?

"Juzi alikuwa kanali," akasema mke wangu. Amepanda cheo, basi. Watu hupanda vyeo.

Wakati wa chai nikambana mpwa wangu. Utepe gani? Akaeleza vizuri tu, lazima nikiri, ana mdomo wa ukoo wetu. Ni mashine ya kuwaziwa, haipo popote. Ina utepe mrefu uliogawanywa vyumba vyumba, na kichwa kinachotazama chumba kimoja kwa wakati mmoja. Kinasoma, kinafuta, kinaandika, kinasogea kushoto au kulia. Basi! Na kidude hicho, eti, hesabu yoyote inayowezwa na kompyuta nacho kinaiweza, ukikipa muda na utepe wa kutosha.

Halafu zipo nyingine za kuwaziwa, za maumbo tofauti. Andiko lake linauliza: kwa kazi ileile, kila moja inakula kumbukumbu kiasi gani? Na unazilinganishaje bila kuionea yoyote?

Nikamwambia, unapima tumbo la ng'ombe ambaye hajazaliwa. Na wanakupa shahada?

"Wakipenda, mjomba."

Anajibu haraka mno. Mtu asiye na la kuficha hufikiri kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Nilijua! Nilijua!

Leo kaingia Bisibisi, fundi wa simu, mdogo wake shemeji, mjane wa kaka yangu. Tunamwita hivyo kwa sababu bisibisi haimtoki sikioni, kama karani na kalamu. Kaja na futi ya kupimia. Anapima duka. Hakunisalimia hata kidogo, kapima hadi chini ya miguu yangu. "Sogea kidogo, mzee." Mzee! Tumepishana miaka michache tu, na mimi ndiye ninayeonekana kijana.

Shemeji akaniita pembeni. Duka ni lake tangu kaka alipofariki, na ni mtu wa kusema mambo bila kuzunguka. Anataka kuligawa duka katikati. Nusu ya mbele apewe Bisibisi na simu zake. Nguo zibaki nusu ya nyuma.

Na bomba?

"Ndiyo nakuuliza, shemeji. Bomba linakula duka zima."

Bisibisi kaja na wazo lake: rafu ya visanduku vyenye namba, ukutani. Nguo inakunjwa, inaingia kisandukuni, mteja akija unakwenda moja kwa moja kwenye namba, hutembei. Anasema visanduku vichache vitamaliza kazi ya bomba zima. Na kazi yenyewe ataiangalia yeye huku anatengeneza simu.

Na mimi?

Shemeji akaangalia sakafu. "Umechoka, shemeji. Ungepumzika."

Sijachoka! Nani kamwambia nimechoka? Tukapatana: wiki ijayo nguo zinazoingia zigawanywe, nusu kwangu, nusu kwa Bisibisi. Jumamosi ya tarehe kumi na tano ndiyo siku ya wateja wengi kuchukua nguo. Siku hiyo shemeji ataangalia nani ametumia nafasi ndogo na ametoa nguo bila kukosea. Bomba likishindwa, linakatwa. Na mimi nakwenda nyumbani kumhesabia mke wangu nyufa za dari.

Sasa niulize. Jumatatu mpwa anachora bomba. Alhamisi Bisibisi anapima bomba. Hao wawili hawajuani?

Ijumaa, 7 Machi

Wanajuana. Nimewaona wakisalimiana mlangoni. Mpwa alimwonyesha laptopu, na Bisibisi akatoa bisibisi sikioni! Kwa heshima!

Mke wangu: "Chaja yake imeharibika, amempelekea fundi. Ulitaka ampelekee dobi?"

Nimeandika tu.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimeamua kumchimba kwa upole. Nilijitolea kuosha vyombo. Mke wangu akauliza kama naumwa.

Nikamwambia mpwa, haya nieleze hizo mashine nyingine, mjomba wako ana kichwa. Akachukua sahani zilezile nilizoosha, akapanga marundo mawili.

Mashine ya marundo mawili. Sahani unagusa ya juu tu. Rundo la kushoto ndio utepe ulio kushoto kwako, la kulia ndio ulio kulia. Ukitaka kusogea, unahamisha sahani moja kutoka huku kwenda kule. Nikajaribu. Kweli! Marundo mawili ni utepe uliovunjwa katikati, na nafasi ni ileile. Sikuona hila. Nilitafuta.

Halafu akaleta makopo mawili na maharagwe. Hapo ndipo niliposhika meza.

Eti ipo mashine nyingine yenye makopo mawili tu. Inajua kutia punje moja, kutoa punje moja, na kutazama kama kopo ni tupu. Haijui kingine! Na hiyo nayo inaweza kila kinachowezwa na utepe, kwa sababu unaugeuza utepe mzima kuwa namba moja kubwa, na hiyo namba ndiyo idadi ya punje. Nikamuuliza, punje ngapi kwa utepe mfupi tu? Akasema zinaweza kujaa nyumba. Utepe ukirefuka kidogo, mji. Ukirefuka tena kidogo, hakuna ghala duniani.

Mimi nimesimulia mambo makubwa maishani mwangu, jenerali na mengineyo, lakini kopo la kubeba mji mzima sijawahi kuthubutu.

"Sasa niambie, mjomba," akasema. "Mashine hiyo imetumia kumbukumbu kiasi gani? Makopo mawili? Au punje za mji mzima?"

Nikasema makopo mawili ni wizi mtupu.

"Na ukihesabu punje unaionea, kwa sababu namba hata kubwa unaweza kuiandika kwa tarakimu chache. Kwa hiyo sihesabu makopo, sihesabu punje. Nahesabu tarakimu." Akarudisha maharagwe kwenye gunia. "Kila mtu hushinda akichagua mwenyewe cha kuhesabu."

Nimelala mchana na sentensi hiyo kifuani. Anamwambia nani? Mimi? Ananifundisha, au ananionya?

Jumanne, 11 Machi

Mashindano yameanza jana. Visanduku vya Bisibisi viko ukutani, vimepakwa rangi ya buluu, namba kubwa nyeupe. Vinapendeza, ndiyo. Hata jeneza hupendeza.

Upande wangu: makoti meupe ya zahanati ya jirani, majaketi meusi ya wahudumu wa hoteli, suruali, magauni. Upande wake vilevile. Mimi nguo moja henga moja. Yeye? Nimechungulia alipotoka. Kisanduku kimoja, makoti manne! Kayakandamiza kama mtu anayefunga sanduku la safari kwa goti. Na kwa shemeji anasema: "Dada, nimetumia visanduku saba tu. Yeye hesabu henga zake mwenyewe."

Nikalalamika. Shemeji akasema kisanduku ni kisanduku.

Wizi wa makopo! Kopo moja, mji mzima ndani!

Nikamtafuta mpwa wangu kwa macho, aseme. Alikuwa kwenye stuli. Alikuwa anaandika.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata ushahidi.

Nimerudi nyumbani mapema kuchukua miwani. Mpwa yuko chumbani, anaongea na simu, mlango umerudishwa tu. Sikusikiliza. Nilisimama pale nikafunga kamba ya kiatu, na kamba ilikuwa ndefu.

Anasema visihesabiwe visanduku peke yake. Vilivyomo ndani vihesabiwe. Nikasema moyoni, safi! Halafu akaendelea: na majina nayo yahesabiwe. Kila namba inayotaja mahali ni kumbukumbu, inakula nafasi, na anayeiacha nje ya hesabu anajidanganya. "Lebo zote, shangazi. Zote."

Shangazi! Huyo anamwita shemeji yangu shangazi! Alikuwa anaongea na shemeji!

Lebo zote. Nani mwenye lebo? Mimi! Kila nguo yangu ina lebo na pini. Bisibisi namba zake ni saba tu, kapaka ukutani. Zangu zinajaa bomba zima. Wakianza kuhesabu lebo nimekwisha.

Nyumbani kwangu. Anakula kwangu. Nilimwoshea sahani!

Alhamisi, 13 Machi

Usingizi haukuja, lakini akili imekuja. Wanadhani wanacheza na nani?

Nilikumbuka somo lake mwenyewe. Utepe una vyumba, lakini vyumba havina majina! Kichwa hakiulizi "chumba namba fulani kiko wapi." Kinatembea tu. Utepe hauna lebo. Sasa kama mimi ndiye mashine ya utepe, kabisa, kama alivyosema mwenyewe kwa mdomo wake, lebo za nini?

Mteja ana namba yake. Nguo zimefuatana. Naanza mlangoni, nahesabu henga hadi namba yake, na henga tupu nazo zinahesabika. Nguo ndiyo hiyo. Lebo haifanyi kazi yoyote. Ni mzigo!

Shemeji alipokwenda benki nimezitoa zote. Moja moja, pini na karatasi, kutoka mlangoni hadi chumba cha pasi. Zimejaa mfuko wa suruali, zinanichoma paja nikikaa. Bomba sasa ni safi, jepesi, kama siku lilipofungwa. Nikampa nguo mteja mmoja kwa majaribio, dereva wa teksi. Shati lake hasa! Nikahesabu nikalichomoa bila kusita. Akasema, "Mzee una kichwa." Nikamwambia ningeweza kufumba macho pia.

Ningeweza.

Mpwa kalitazama bomba. "Mjomba, umeondoa lebo?" Nikasema, nani, mimi? Nikakaa. Nikasimama haraka kwa sababu ya pini.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho.

Shemeji ameniuliza kuhusu lebo. Nikamwambia mbele ya Bisibisi, kwa sauti: "Lebo ni za wasiokumbuka. Mimi nguo zote ziko hapa," nikagonga paji la uso. Bisibisi akatoa bisibisi sikioni, akairudisha. Amepauka!

Shemeji akasema, "Haya, nimekusikia." Alitabasamu namna fulani. Sikulipenda tabasamu hilo. Linaficha kitu.

Mpwa jioni alitaka kuniambia jambo. Nikasema nina usingizi. Saa kumi na mbili jioni! Mke wangu akaguna. Siwezi kumpa nafasi ya kunichimba usiku wa kuamkia vita. Yeye naye ana siku yake Jumatatu, atasimama mbele ya maprofesa kutetea andiko lake. Jaketi lake jeusi liko kwenye bomba langu, nililipokea mwenyewe. Hata yeye kesho atasimama mbele yangu na kipande chake cha namba kama mtu mwingine yeyote.

Nimenoa meno.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimesimama, chumba cha pasi, karatasi juu ya meza ya pasi. Wanadhani natafuta nguo. Niandike haraka.

Nimefika asubuhi, duka limeshafunguliwa. Shemeji yuko ndani, mikono ya nguo imekunjwa, jasho usoni, anang'aa kama ametoka kuoga. Akanipokea mlangoni!

"Shemeji, umeshinda."

Nikasimama.

Akasema mpwa wangu amemweleza kwa simu tangu Jumatano, na jana amehesabu mwenyewe. Alitoa kila kitu kwenye visanduku vya Bisibisi. Ukihesabu vilivyomo, na siyo visanduku, nafasi ni ileile ya bomba, na makoti yanatoka yamekunjamana, yanataka pasi upya. Na Bisibisi ana daftari zima la kumkumbusha nani yuko kisanduku gani, nalo hakulihesabu. "Huyo binti kanibana mpaka nikaona aibu. Alisema mjomba anaonewa. Hesabuni lebo zote za huyo Bisibisi, zote."

Za Bisibisi. Lebo za Bisibisi!

Nikataka kukaa. Nikakumbuka pini.

"Bomba linabaki," akasema shemeji. "Limebaki jambo moja tu, utoe nguo leo bila kukosea, nimfunge mdogo wangu mdomo. Na kwa sababu ni siku yako, nimekuandalia." Akanishika mkono, akanipeleka kwenye bomba.

Amepanga nguo kwa rangi.

Nyeupe zote mlangoni. Kisha buluu. Kijani. Kahawia. Nyeusi zote mwisho, upande wa pasi. Henga tupu amezitoa, ameziweka kwenye ndoo. Bomba linapendeza kama picha! Limepanguswa, linawaka.

Nikauliza, hukushangaa hakuna lebo?

"Nilishangaa kidogo. Nikakumbuka ulivyosema. Ziko kichwani." Akagonga paji langu la uso kwa kidole, kwa upendo. "Haya, kazi!"

Wamejaa. Muuguzi wa zahanati wa kwanza, na kipande chake. Nyuma yake wenzake. Wahudumu wa hoteli wanakuja mchana na majaketi yao yako huku nyuma yameshikamana, meusi, meusi, meusi, kama usiku bila taa. Makoti meupe kule mbele yote yanafanana. Nimeyatazama. Nimesubiri yaseme. Nilitegemea kichwa kitanipa kitu, hata kimoja, lile la huyu, lile la yule. Hakuna! Kinanipa jenerali. Kinanipa jenerali na suruali yake!

Yule muuguzi kauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia namtafutia koti lake kwa heshima, halitaki haraka. Bisibisi kaegemea visanduku vyake, anatabasamu. Ni yeye kamshauri shemeji apange rangi! Lazima. Nani mwingine? Shemeji peke yake hangewaza rangi. Au ni mke wangu. Alijua jana nina wasiwasi, alinisikia nageukageuka.

Nimezitoa lebo mfukoni, nimezimwaga juu ya meza ya pasi. Namba zote zipo. Nzuri, nilizoandika kwa mkono wangu. Lakini hazisemi zilikuwa kwenye nguo gani. Lebo haijui lolote. Bomba nalo halijui tena. Kila kimoja peke yake ni bure.

Shemeji ameita. "Shemeji! Muuguzi anakwenda zamu!"

Nikajibu, nakuja! Nikarudisha lebo mfukoni.

Mpwa ameingia. Mlango wa nyuma. Hajagonga. Amevaa viatu rasmi, kafuata jaketi lake la Jumatatu, kipande cha namba mkononi. Amepita hapa hadi dukani, ameona bomba, ameona rangi. Nimemwona akisimama katikati ya duka bila kupepesa.

Sasa amerudi, yuko mbele yangu. Hajaniuliza jaketi. Kipande chake amekiweka mezani, kimepinduliwa, kama kitu kisicho na haraka. Anasema kwa sauti ya chini, nje wasisikie: nguo zina madoa, zina ukubwa, zina vifungo vilivyokatika, na wewe ndiye uliyezipokea, tuanze na moja. Halafu amenyoosha mkono, kiganja juu, na anatazama mfuko wa suruali yangu.

Nani kamwambia?